Basi la Wapiga Picha

Mgomo wa mabasi yetu uliingia siku ya tatu,
nami nilishamwahidi Nieves: Jumapili nitafika.
Ndipo nikapanda hili la watalii, nauli ya kondoo wawili,
kiti cha dirishani, kapu la viazi vikavu mapajani
kama mtoto asiyekatiwa tiketi.

Mwendo wa saa moja, shukeni.
Nusu saa, shukeni tena.
Andahuaylillas, kanisa: dhahabu mpaka darini.
Mimi nikapiga ishara ya msalaba,
wao wakapiga picha,
kila mtu na alichokijia.

Raqchi, ukuta mrefu wa udongo juu ya msingi wa mawe.
Edilberto, kijana mwongozaji, mwavuli juu kama bendera,
akasema: mawe mengi hayapo,
na hakuna ajuaye yalikokwenda.
Nikatazama viatu vyangu.
Zizi la baba lilisimama imara miaka arobaini,
hata tetemeko lilipita likaliacha.
Mimi nilibeba makubwa. Nieves, mdogo wangu, alibeba madogo,
akilalamika njia nzima.

La Raya, upepo unaochuna uso.
Mama mmoja pale amemfunga lama utepe mwekundu sikioni,
na Mnorwe wa safu yangu, Ragnhild,
akanishika mkono kwa upole, akanisogeza kando ya mnyama,
akarudi nyuma hatua tatu, akapiga,
kisha akanitia sarafu kiganjani.
Tangu alfajiri tumekaa bega kwa bega.
Niliipokea. Nikampa mwenye lama;
biashara ni yake, mimi nilisimama tu.

Jioni kimo kikamkaba huyo Ragnhild,
midomo imegeuka samawati, kichwa mikononi.
Nikamwekea majani ya koka shavuni: tafuna, usimeze.
Akalala begani kwangu mpaka Puno,
mzito kama gunia la shayiri,
na sikuwa na roho ya kumwamsha
hata Edilberto alipotangaza machweo.

Kasani tulivuka kwa miguu,
muhuri huku, muhuri kule.
Hatua mia mbili tu, na saa za Bolivia
ziko mbele ya zetu kwa saa nzima.
Watu wakacheka, wakizungusha mishale.
Mimi sikucheka. Miaka tisa nimemnunia Nieves
kwa ajili ya matuta sita ya mama,
miaka tisa nimeitupa kama maganda,
leo nashikwa na uchungu wa saa moja.

Tiquina, barabara inaishia majini.
Abiria na mashua yao, basi na tishari lake.
Tukaligeukia: linaelea tupu,
linayumba kama mlevi anayejitahidi kuwa na adabu,
na dirishani, peke yake, kapu langu
limeketi kiti changu, linavuka ziwa.
Piga lile, nikamwonyesha Ragnhild kwa kidole.
Akapiga. Akaniletea nione.
Nusu ya picha ni kidole changu.

Nieves ataniuliza njiani nimeona nini,
kama bado ananiuliza chochote.
Nitaanza na mawe.
Nitamwambia wanayatafuta.