Kurunzi Isiyopiga Kelele

Saa nane mchana, Kemijärvi, na giza limekwisha kutanda
kama mgeni aliyewahi kufika na hana nia ya kuondoka.
Nikaingia dukani kwa Urpo Hannikainen,
nikakung'uta theluji, nikasema: nataka kurunzi.
"Ya kuvulia samaki? Ya kutembezea mbwa?"
Ya kazi.
Akanyamaza. Mji wenyewe mdogo;
kazi yangu anaijua, na nyumba nilizoingia
anazijua kwa majina ya wenyewe.

Akaanza na kubwa kuliko zote, nzito kama mchi,
sanduku lake limejaa tarakimu hadi zimekosa pa kukaa.
Akaiwasha: ukuta wa mbele ukageuka chokaa tupu,
bei zikafutika, msumari ukafutika pamoja na kivuli chake.
Hapana, Urpo. Hii inapiga kelele.
Mimi natafuta inayouliza.

Nikatoa kitambaa changu mfukoni:
pembe hii kutu ya bawaba, pembe hii damu yangu mwenyewe,
kidole nilichokichoma jana jikoni, makusudi,
mume wangu akitikisa kichwa.
Kurunzi ya pili ikayaona madoa yote kahawia.
Ya tatu vilevile; ubuluu wake wa barafu
unaua wekundu kabla haujafumbua mdomo.
Ya nne, ndogo, mpini wa mikwaruzo,
mwanga wa maziwa yaliyotiwa chai kidogo,
ya nne ikayatenganisha.
Kutu ikabaki kutu.
Damu ikajitaja.

Hapo nikakumbuka, na sikutaka kukumbuka,
sauna ya akina Pöyliö, Februari ile,
nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri,
betri ikikata roho kila baada ya dakika kumi
nami nikiipasha moto kwapani kama yai.
Niliandika: ubaoni, madoa ya kutu, karibu na ndoano ya ndoo.
Niliandika kwa mwandiko mzuri.
Siku kumi na moja baadaye Sirkka alipita na taa yake,
akaniita kwa upole ambao ungali unaniuma.
Siku kumi na moja yule mtu alikunywa kahawa yake mkahawani.
Siku moja alinishikia mlango nipite.
Nikamwambia asante.

"Zima taa za duka," nikasema. Urpo akazima.
Nikapiga goti, nikailaza kurunzi,
shavu langu likikaribia kugusa sakafu,
na mwanga ukatambaa kama maji yapitayo chini ya mlango.
Sakafu iliyofagiliwa asubuhi ikaanza kusema:
buti la mtoto, gurudumu la kigari,
nyayo zangu zenye chumvi ya barabarani,
na njia moja iliyorudiwa mara elfu, kutoka kaunta hadi dirishani,
mguu wa kushoto ukiburutwa.
Kutoka kaunta hadi dirishani. Hadi dirishani.
Hakuna bidhaa pale. Kuna kiti,
na ng'ambo ya barabara, wodi alimolala Lempi wake
mpaka Oktoba.

Naye akaiona, kutoka kimo chake. Akakohoa.
"Inaonyesha mno hiyo."
Inaonyesha kiasi tu, nikajibu.
Kulala chini ndiko kunakoonyesha.

Nikaijaribu swichi kwa glavu mbili, ya mpira na ya sufu juu yake.
Nikaiangusha. Ikabingirika hadi chini ya rafu, ikiwaka bado.
Nikachukua betri mbili za akiba na kamba ya shingoni,
maana safari hii betri zitalala kifuani, si garini.
Ile ya urujuani, yenye miwani ya rangi ya machungwa, nikaiacha;
makao makuu watanipa, siku wakikumbuka kwamba tupo.
Urpo akapunguza euro nne, bila kuombwa,
kisha akawasha taa zake, zote,
hata ile ya stoo.

Nje, nikaielekeza kwenye theluji:
nyayo zangu za kujia, visigino vimekwisha kujaa.
Nikasimama kidogo nikizitazama.
Nikaizima, kuokoa betri.