Mia Mbili na Nne

Inari, Januari. Jua halijachomoza tangu mwezi uliopita,
na Risten amevua glavu moja ili aweze kuandika:
"Nina kola mia tatu na kumi na mbili
shingoni mwa kulungu wa theluji.
Kila moja hupiga hodi kwa setilaiti mara nne kwa siku:
nipo hapa, betri yangu ni hii, baridi yangu ni hii.
Nanyi mnairudishia yote iliyoyasema, neno kwa neno,
na shukrani juu yake, na tarehe, na jina la kampuni.
Baiti mia tisa, kwa fedha yangu,
za kumwambia mnyama alipo.
Anajua alipo.
Nipeni njia ya kuomba jibu tupu."

Oulu, ghorofa ya tatu, Tuomo anasoma
huku akitafuna mkate wa shayiri wa jana.
Kiolesura kile ni kazi ya mikono yake.
Hapendi utupu.
Mwaka juzi seva moja ilijibu tupu siku kumi na moja,
ikidai imepokea,
kumbe haikuwa imeandika hata nukta.
Aliyegundua alikuwa mchungaji, kwa miguu yake, kwenye theluji.
Tangu hapo kila jibu la Tuomo huja na ushahidi mkononi:
ulichonipa ni hiki, tazama, nimekishika hivi.

"Bahasha isiyo na barua," akamwandikia,
"utaitofautishaje na barua iliyoibwa?"

"Kwa muhuri. Mia mbili na nne.
Nimepokea, sina la kuongeza.
Kimya cha aliyekufa hakina muhuri."

"Na wanaotaka kusoma kila kitu?"

"Wasome! Sikwambii ufunge mdomo.
Nakwambia umuulize mgeni
kama anakaa kunywa chai au anapita tu."

Wiki nzima hivyo,
mmoja akihesabu betri,
mwingine akihesabu majuto.

Ijumaa Tuomo akapanda basi la kaskazini.
Alimkuta Risten karakanani kwa mjomba wake,
Ánte, aliyelala chali chini ya pikipiki ya theluji
akiilaani kwa lugha mbili.
"Lango la zizi umelifunga?" Risten akauliza.
Ánte hakutamka kitu.
Alivuta pumzi tu, fupi, ya ghafla,
kama mtu aliyeunguzwa na uji.

Risten akaendelea na kazi yake.

Tuomo aliijua pumzi ile. Mama yake huitumia kwenye simu:
ndiyo isiyotaka kupoteza joto la kinywa.
Akaijua, na bado
akawasha tochi, akatoka, akaenda kulitazama lango.

Lilikuwa limefungwa.

Usiku ule, kwenye kochi la watu, akaandika mistari kumi na minne.
Asiyesema kitu atajibiwa kwa kirefu, kama zamani.
Anayeomba tupu atapewa tupu.
Na mwenye shaka, rekodi yake ipo palepale,
aje na tochi yake, aulize.

Saa kumi alfajiri kola zikapiga hodi.
Mia mbili na nne. Mia mbili na nne. Mia mbili na nne.

Ya themanini na nane, bondeni, nyuma ya mwamba,
haikupata hata hiyo.
Ikangoja dakika mbili.
Ikapiga hodi tena.