Doa

Walimchukua Somoe Namkuva saa ya chai,
angali na aproni, majivu hadi viwikoni.
Kosa: kukusanya wabanguaji mia na kumi
nyuma ya ghala, bila kibali.

Kituoni Newala afande alimshika dole gumba,
akalisugua kwenye wino, akalikandamiza karatasini.
Doa.
Akarudia. Doa.
Mafuta ya maganda ya korosho yalikwisha kulamba mistari yote,
miaka tisa, kilo kwa kilo.
"Wewe mwanamke huna alama?"
"Muulize tajiri. Anazo yeye, ghalani."

Leo tumekuja kumdhamini.
Karani ananisukumia fomu: saini, au gumba.
Nabonyeza. Doa.
Nyuma yangu Asumini, doa. Chilumba, aliyeapa hatakuja,
doa.
Karani anakuna kichwa:
sasa nitawatofautishaje?

Hutatutofautisha, mwanangu.
Itazame ile karatasi mliyoikamata:
juu, Chama cha Wabanguaji,
chini, madoa mia na kumi.
Lipi la Somoe?
Mkishindwa kulijua, tufungeni sote
au mfungueni.

Na mlango usiufunge.
Wa Kitangari wanakuja kwa miguu.