Karatasi Zilizokosewa

Mashine yangu ikitafuna karatasi, siitupi.
Naigeuza. Upande mweupe una kazi yake,
na wiki hii kazi ni moja:
fainali ya vyuo, Jumamosi saa kumi,
sisi wa Makongo Juu na wale wa Mjimwema
waliotufunga mwaka juzi kwa penalti
ambayo mpaka leo hatujaikubali.

Andika jina, andika mabao, tumbukiza kwenye boksi la wino.
Atakayepatia namdurufia ripoti ya fildi bure,
na jalada juu.

Anyisile wa Ugavi aliandika tatu bila,
akapiga mstari chini mara mbili, kalamu ikatoboa.
"Tatu, dada. Yule beki wao wa kushoto
anakimbia kama amebeba ndoo kichwani."
Mbonea akasema moja moja, halafu matuta,
na akaeleza kwa nini
dakika ishirini nzima,
foleni nyuma yake imeshika vitambulisho vya kutoa kopi,
jua la Dar likiwachoma visogo.

Sikudhani wa mihogo hakuuliza nani anacheza na nani.
"Niandikie wanaokula kwangu."
Mangapi?
"Mawili. La tatu ni uroho."

Akaja na mmoja wa Mjimwema, kavuka daraja
kufuata bei yangu, maana kwao jalada ni elfu tatu.
Akaandika nne kwa sifuri, kwa wino mwekundu,
kisha akadai chenji.
Jalada lake nililibandika upande kidogo.
Mungu anisamehe.

Zulfa, dada wa kipa wetu, alikaa na kalamu muda mrefu.
Akaandika: *Asiumie.*
Nikamwambia, hayo si matokeo.
Akasema, kwangu ndiyo.
Nikayatumbukiza.

Jioni, nikivuta shata, akaingia Ngwembe,
mtunza uwanja, suruali ina chokaa magotini.
Akaandika neno moja: *Mvua.*
Mbonea alikuwa bado yupo, nani angemtoa,
akacheka mpaka akashika meza:
"Mvua! Imesajiliwa lini? Inavaa jezi namba ngapi?"
Ngwembe hakujibu. Alinipa barua nimtolee kopi,
ya nne tangu Januari,
naijua sasa kama namba yangu ya simu:
YAH: KUZIBA KWA MTARO WA UWANJA,
na mihuri ya IMEPOKELEWA imerundikana pembeni
kama nzi kwenye embe.

Jumamosi ilianza kunyesha kabla ya adhana ya alfajiri.
Saa nne nukta ya penalti ilikuwa imezama.
Saa nane vyura walikuwa wameshapanga safu ya ulinzi.
Tulijazana upenuni, ngoma zimefunikwa na mifuko ya sukari,
tukimtazama mwamuzi akitembea katikati,
soksi mkononi.
Akauweka mpira chini.
Mpira ukaelea,
ukazunguka mara moja, taratibu,
kana kwamba unaangalia nani na nani wamekuja.

"Ingekuwa tatu," alisema Anyisile.
"Matuta," alisema Mbonea.
Wa Mjimwema walikuwa ndani ya basi lao, vioo vimejaa ukungu,
mmoja amechora nne kwa kidole.
Zulfa peke yake ndiye aliyekuwa anatabasamu,
kaka yake kakaa karibu naye, mzima,
anakula muhogo.

Mechi imesogezwa, tarehe itatangazwa.
Boksi liko pale pale, kila mtu bado yuko sahihi.
Lakini ahadi ni ahadi, na aliyepatia ni mmoja,
naye hana ripoti ya fildi, hajawahi kukaa darasa la chuo,
anayajua majani ya uwanja na maji yanakokwama.
Nikamuuliza, basi nikudurufie nini?

Akatoa barua mfuko wa shati, imelowa kona.
"Hii. Iwe ya tano."
Na jalada?
Akafikiri.
"Weka. Labda wataisoma."

Nikaweka.
Lile la plastiki, lisilopitisha maji.