Mikono Juu

Picha ile niliipiga mimi.
Gombani, dakika ya themanini na mbili,
vuli imenirowesha hadi mfuko wa kamera.
Shaame Kombo, wa chuo cha ualimu,
kaupiga kwa guu la kushoto, ukazama,
akaja mbio upande wangu
mikono juu, kinywa wazi,
wenziwe nyuma wanamkimbiza wamdandie.

Ijumaa iliyofuata wakakamatwa watatu.
Pikipiki ya mkufunzi ilitoweka uani;
polisi waliingia bwenini saa nane za usiku,
mmoja wakamchukua na taulo kiunoni.
Mhariri akanipigia kutoka Unguja:
"Una ya mfungaji? Hao wengine hawauzi."
Nikamtumia. Elfu kumi na tano.

Wakaikata.
Wakauondoa mpira wavuni,
wakawaondoa wenziwe, jukwaa, mvua,
akabaki mtu na mikono juu.
Chini yake, kwa wino mwekundu:
NYOTA WA CHUO MBARONI.
Hata mimi niliyekuwapo,
nilipoiona mezani kwa muuza magazeti,
nilimwona anajisalimisha.

Pikipiki ilionekana Konde, kwa fundi,
nusu imeshapigwa rangi.
Aliyeipeleka ni kipa wa akiba.
Jina lake silijui, wala wewe hulijui;
halikuandikwa popote,
hakuwa na picha.
Shaame alitoka siku ya nne.
Hiyo ilipata mistari miwili,
ukurasa wa kumi na moja, chini ya bei ya karafuu.

Mama yake, Bi Time, alinikuta soko la Chake,
mkononi fungu la dagaa.
Nilijiweka tayari kwa matusi.
Aliniuliza tu, "Ile nzima unayo?"
Ninayo, nikasema, nitakuletea.
Mwezi wa tatu huu.
Imo kwenye bahasha, juu ya kabati,
na kila nikitia viatu naiona.

Juzi kafunga tena.
Kona, kichwa, wavu ukatikisika,
chuo kizima kimeinuka na madebe yao.
Nilikuwa nimepiga goti palepale,
jicho kwenye kamera, namngojea.
Akageuka, akarudi kati ya uwanja
taratibu,
mikono kaibana mapajani
kama mtoto anayekaguliwa kucha.
Wenziwe walipomrukia
aliiingiza ndani ya jezi.

Sikubonyeza.