Munyu wa Saa Ngapi

Dodoso lilitoka Nairobi limeshapigwa chapa,
kurasa nne, visanduku vya kutia alama.
Swali la tatu: Je, maji ya kisima chako yana chumvi?
Ndiyo. Hapana. Sijui.
Nikapiga hodi Mkomani,
kalamu mkononi kama tiketi.

Bi Thureya Shekuwe alikuwa akichagua mchele.
Hakuinua macho.
"Munyu wa saa ngapi, mwanangu?"

Hapakuwa na kisanduku cha saa.

Usiku nikamwandikia mkuu wa mradi: swali letu bovu.
Akajibu: sampuli ni kaya mia mbili,
chombo hakibadilishwi kazi ikiwa katikati.
Nikakibadilisha.
Hilo halimo katika ripoti.

Tukarudi na kipimo cha mkono, visima kumi na tisa,
maji yakijaa, maji yakipwa,
siku za bamvua, siku za maji mafu.
Famau, mchukuzi wetu wa ndoo, alionja kabla mashine haijasema,
na mwezi mzima alikosea mara mbili.
Mara moja alikuwa na mafua.
Ulimi wake nikaupa safu yake pembeni.

Grafu ikainuka, ikalala, ikainuka,
kifua cha mtu aliyesinzia.
Maji matamu, kumbe, huelea juu ya yale ya bahari
kama samli juu ya mchuzi.
Chota taratibu, utaipata.
Koroga, umeharibu vyote.

Kifaa cha kwanza kilikuwa na taa:
kijani, teka; nyekundu, ngoja.
Siku ya sita ndoo ilikivunja.
Cha pili tulikivika bomba. Kikaishi.
Hakuna aliyekitazama.
"Chai hunambia," alisema Bi Thureya.
Miezi mitano, na fedha zile zote,
kulijibu jiko lililokwisha kujua.

Nikarudi kwenye daftari kwa sababu sikuwa na kwingine.
Kisima cha kumi na moja kilichachuka hata maji yakiwa mafu,
Ijumaa kuamkia Jumamosi, kila wiki.
Tukaufuata mngurumo hadi kwenye nyumba ya wageni:
kidimbwi cha kuogea juu ya dari,
na pampu, saa saba za usiku,
ikikoroga mchuzi wa mtaa mzima.

Shida haikuwa kujua.
Shida ilikuwa nani azime.

Taa tukaifungia kabatini, tukaanza kuandika kifungu.
Pampu zote zizimwe usiku.
Mwanasheria wa kaunti akauliza: na ya hospitali?
Neno "isipokuwa" lilitula asubuhi tatu.

Siku ya maoni ya wananchi, viti vya plastiki, soda ya moto,
mwenye nyumba akaja na wakili, na grafu yake,
iliyopimwa siku moja, mara moja.
Famau akanyosha mkono:
"Hiyo saa ngapi?"

Kifungu bado kiko mezani.
Pampu hunyamaza baadhi ya usiku,
nami sijui kama ni haya au ni bili ya umeme,
kwa hiyo tunapima,
awamu ambayo mfadhili hakuitengea senti.

Ripotini Bi Thureya ni Mhojiwa 017.
Jana nilimpelekea nakala.
Akalitafuta jina lake, ukurasa kwa ukurasa, kwa kidole.
Kisha akaipima uzito, akasema karatasi ni nzuri,
akaufunikia mtungi.