Hesabu ya Cheptoek

Chipukizi ndio mti, walimu husema.
Nami mti huo wa kesho naukata leo,
naumenya magamba, naukausha juu ya moshi
hadi uwe mweusi kama mwiko wa mama.

Sokoni Kimilili mnunuzi ananusa fungu:
"Mbona kidogo hivi? Kwani mlima umeisha?"
Namfungia mzigo, sijibu.
Kwenye kila kichaka cha mianzi niliacha matatu,
nikayafunga vitambaa
vya sare ya Ndiwa iliyochanika.

Mwaka ule wa njaa niliacha mawili tu.
Moja liliibwa.
Lingine ndilo mhimili wa jiko langu:
moshi unapanda, unalizunguka,
nalo limesimama, limeshika paa
juu ya ndugu zake wanaokauka.